Nyumba Isiyo na Chumba cha Pili

Siku lori la Kenta lilipoegeshwa nje ya geti la mzee Kimaren pale Mikumi, likipakiwa magodoro na masufuria mchana kweupe, mtaa mzima uligundua kwamba una shida ya kivuli. Watu walikuja wakaegemea ukuta wake, wengine na watoto mgongoni, wakawa wanatazama vinavyotoka. Mzee yule alikuwa amewaringia mno, na aliyewaringia watu kwa nyumba akija kutolewa kwenye nyumba hiyo, majirani hawawezi kubaki ndani wakichambua mchele. Hakuna aliyemsaidia kubeba hata kigoda.

Aliyekuwa akibeba ni mke wake mkubwa, Naisenya, mama mrefu mkavu mwenye mgongo ulionyooka kuliko umri wake. Alikuwa anaingia na kutoka bila kumtazama mtu usoni, na wanawake waliokuja kumhurumia walishangaa, kwa sababu uso wenyewe haukuwa wa kuhurumiwa. Ulikuwa uso wa mtu anayefanya kazi aliyoingojea kwa muda mrefu.

Ili umwelewe Naisenya, yakupasa kujua jambo moja la kwao. Wao ni wafugaji, Waparakuyo wa tambarare za Mkata, katikati ya Kilosa na Mikumi, na kwao nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ana ng'ombe, ana boma, ana sauti kubwa mbele za watu, nyumba hana. Mke ndiye anayekata fito, ndiye anayezifunga, ndiye anayekanda udongo na kinyesi cha ng'ombe na kukandika kuta mpaka juu, na akimaliza nyumba ni yake. Mume analala humo kama mtu aliyekaribishwa. Ng'ombe waliotengwa kwa ajili ya nyumba hiyo siku ya harusi ni wa nyumba hiyo, na maziwa yao yanaingia kwenye vibuyu vya mama mwenye nyumba, naye ndiye anayesema nani anywe.

Naisenya aliolewa angali binti, akajenga nyumba yake ya kwanza huku mama mkwe amesimama nyuma yake akimkosoa. Ilivuja masika yale, akaikandika upya. Miaka ikapita, akazaa watoto, akawazika wengine, akabakiwa na Lilian. Nyumba ilikuwa nyeusi ndani kwa moshi, na alikuwa anaipenda.

Kisha Kimaren akaanza kuuza ng'ombe mnadani, wake na wa wenzake, na mambo yakamnyookea. Akaanza kuvaa viatu vya ngozi chini ya shuka. Akaanza kusema tope na samadi ni ushamba. Akajenga Mikumi, karibu na barabara kubwa ya Iringa, nyumba ya tofali za saruji yenye vyumba vingi kuliko watu, madirisha ya vioo, vigae vya kung'aa chini, na sebuleni akaweka masofa mekundu ambayo nailoni yake ilikatazwa kutolewa. Akaoa mke wa pili, Seleina, msichana aliyekuwa rika moja na Lilian, akampa chumba chenye bafu ndani. Naisenya alipewa cha nyuma, jirani na stoo. Funguo zote zilikaa kwenye mshipi wa Kimaren, na akitembea zililia.

Hapo ndipo Naisenya alipokuja kujua nyumba kubwa ni nini. Maziwa ya ng'ombe wake yaliingia kwenye friji moja na ya Seleina, na aliyetaka kunywa alimuuliza Kimaren. Mitamba yake ikauzwa. Aliposema wale ni ng'ombe wa nyumba yangu, Kimaren alicheka mpaka akakohoa, akamuuliza nyumba ipi, na nani aliijenga. Kweli, hakuwa ameshika hata tofali moja. Alirudi chumbani kwake akakaa kitandani, akagundua kwamba ameibiwa na hana wa kumshtakia, kwa sababu kila mtu alimpongeza kwa kuhamia kwenye vigae.

Fimbo nazo zilikuwa za aina nyingine. Bomani, mume akiinua fimbo, ukuta wa udongo hauzuii sauti, na kabla hajashusha ya tatu wanawake wenzako wameshajaa mlangoni wakimuuliza ana nini. Ukuta wa saruji ulimeza kila kitu. Asubuhi jirani yake, Letisia, mama wa Kikaguru kutoka Mamboya, mwimba kwaya wa Anglikana aliyekuwa na mgahawa mdogo barabarani, alimtazama jicho lililovimba akamuuliza, "Umeanguka, mama Lilian?"

"Vigae vinateleza," Naisenya alijibu.

Letisia hakuuliza tena, ila kuanzia siku hiyo kila Naisenya alipopita alimwekea kikombe cha chai.

Yote hayo angeyameza. Lililomkaa kooni ni la Lilian. Kimaren alimwoza binti huyo kwa Kisio, mfugaji wa upande wa Masanze, mtu wa rika la Kimaren mwenyewe, mwenye ng'ombe wengi na mkono mwepesi wa kupiga. Lilian alikaa huko msimu mmoja, akatoroka, akafika Mikumi kwa miguu na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimevunjika. Alikimbilia kwa mama yake. Baba yake akampokea vizuri, akamwonyesha chumba cha wageni, kitanda kipya, feni inazunguka, akamwambia mwanangu pumzika. Binti alipolala, Kimaren akafunga mlango kwa nje na kumpigia simu Kisio.

Naisenya alikaa chini kwenye vigae vya korido siku ile na iliyofuata, vidole vyake vimeingia chini ya mlango, na Lilian upande wa pili ameshika ncha zake. Binti alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akawa anauliza tu, "Mama, ufunguo uko wapi?" Kisio alipokuja alikaa kwenye sofa jekundu kwa adabu zote, akanywa soda, akasifu dari. Kimaren akasema mtu hafugi mke wa mwenzake, akafungua mlango. Lilian alipotolewa hakumtazama baba yake wala Kisio. Alimtazama mama yake. Gari lilipoondoka, Naisenya aliambiwa afute soda iliyomwagika, na akaifuta.

Alimchukia Kimaren tangu hapo. Watu huzungumzia chuki kama ugonjwa unaomla mwenye nao, yeye ilimnenepesha. Aliamka nayo, akapika nayo, akamwandalia Kimaren maji ya kuoga nayo, na hakuna aliyejua.

Basi mambo yalipomgeukia Kimaren, yaligeuka yote kwa pamoja. Kiangazi kirefu kikaua ng'ombe kule Mkata mpaka tai wakashiba. Waliosalia waliingia shamba la mpunga la watu wa Chanzuru, ikawa kesi. Mwenzake wa biashara akatoweka na simu yake ikawa haipatikani. Nyumba ikauzwa kulipa madeni. Seleina hakungoja hata nyumba ikabidhiwe: aliita kaka yake, akapakia televisheni na friji, akarudi kwao bila kuaga. Kimaren alisimama kwenye geti akitazama vumbi la gari, kanzu ya ndani ikionekana chini ya shuka, na majirani waliona.

Siku ya Kenta, Letisia alivuka barabara kuja kumfariji mwenzake. Aliona uchungu wa kweli. Kwao Mamboya mtu akipoteza nyumba ya tofali wanamwombea kanisani.

"Usijisikie vibaya, mama Lilian," alisema, akimshika mkono. "Nyumba ndogo ina faida zake. Unafagia mara moja umemaliza. Huna vyombo vya kufuta vumbi ambavyo hula navyo. Mgeni akija anakaa kidogo anaondoka. Mimi ninapolala na kupika ni hapo hapo, na sijawahi kupoteza kitu."

Naisenya akacheka. Letisia hakuwa amewahi kumsikia akicheka, na alidhani ni machozi yanakuja.

"Mama Imani," Naisenya akamwambia Letisia, "Lilian akipita hapa siku yoyote, usimlaze. Mwambie nimerudi Mkata, bomani kwa Seuri. Mwambie nina nyumba yangu."

Walirudi kwa Seuri, mdogo wake Kimaren, mtu mpole aliyebaki na ng'ombe wachache na wake wawili. Kimaren aliingia bomani amekaa mbele ya Kenta kama mtu anayekuja kukagua. Alikuwa amekataa kuuza masofa. Yalishushwa mbele ya zizi la mbuzi, mekundu, na nailoni yake, na watoto wa Seuri wakayazunguka kwa woga wakidhani yana mwenyewe ndani.

Sasa ilibidi Naisenya ajenge. Alimwendea mumewe kwa heshima, kichwa chini, akamuuliza anataka nyumba ya namna gani, kubwa au ndogo, yenye viambaza vingapi.

Kimaren alikuwa amekaa kwenye sofa lake katikati ya vumbi, na hakugeuka. "Tangu lini mwanamume akaulizwa mambo ya fito? Hiyo kazi yako. Jenga haraka tu, sitakaa huku."

Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa ambalo mzee yeyote wa kwao angelifanya. Mwanamume hahangaiki na ujenzi wa wanawake. Akiuliza, atachekwa. Hakuja hata mara moja kuangalia anajenga nini.

Naisenya alijenga ndogo. Mwanamke wa kwao hujenga mahali pawili pa kulala, na kiambaza katikati, ili mume akija awe na upande wake. Yeye aliweka kitanda kimoja cha fito na ngozi, meko ya mawe matatu, kona ya ndama, vibuyu ukutani, basi. Hapakuwa na kiambaza, hapakuwa na upande. Wake za Seuri walikuja kumsaidia kukandika, wakachungulia ndani, wakatazamana. Yule mdogo akauliza, "Mama mkubwa, na mzee atalala wapi?"

"Nyumba ni ya mume," Naisenya akasema. "Atalala humu." Akaendelea kukandika.

Haikupita muda Lilian akaja. Alikuwa ametoroka mara ya pili, akapita kwa Letisia, akapewa chai na ujumbe, akapanda bodaboda mpaka njia inapoishia na kumalizia kwa miguu. Mama yake alimwona kwa mbali, na hakukimbia kumlaki. Alimngoja mlangoni, akamshika kichwa, akamwingiza ndani, akamwambia apande kitandani alale, na asitoke jioni ile kwa lolote.

Jioni Kimaren akaja, akainama kuingia. Macho yalipozoea giza akamwona binti yake amelala kwenye kitanda pekee kilichokuwemo. Akarudi nyuma haraka mpaka akagonga kichwa kwenye kizingiti.

Kwao kuna mambo hayaguswi, na hilo ni mojawapo: baba halali ndani ya nyumba moja na binti yake aliyekwisha kuwa mwanamke, bila ukuta kati yao. Mikumi hapakuwa na tatizo, kila mtu na chumba chake na mlango wake. Lakini ndani ya kinyumba hiki, ambamo ukinyoosha mguu kitandani unagusa meko, hakuna namna. Binti akiwa ndani, baba yuko nje. Kimaren alikuwa ameyapuuza mambo mengi ya kwao, ila hili hakuthubutu. Angechekwa hadi kwa watoto wa watoto wake.

"Atoke," alisema, akiwa nje.

"Aende wapi?"

"Kwa mumewe."

"Basi ingia umtoe," Naisenya akasema, akakoroga uji.

Alisimama pale mpaka uji ukaiva. Kisha akaenda.

Asubuhi akamleta Seuri na wazee wawili wa maboma ya jirani. Naisenya alitoka, akainamisha kichwa kama inavyotakiwa, akawasikiliza mpaka mwisho. Walisema mke hamfungii mume mlango. Akajibu kwamba mlango wake hauna hata komeo, waende wakautazame. "Nyumba ni yake, kitanda ni chake. Mimi sijamkataza. Mwulizeni yeye mwenyewe kwa nini haingii." Wazee wakamgeukia Kimaren, naye akatazama ng'ombe. Mmoja wa wazee akakohoa kuficha kicheko, na mambo yakaishia hapo.

Kimaren alilazwa kwa mke mdogo wa Seuri, pamoja na wavulana wachunga ndama. Mgeni wa siku chache hupewa kibuyu cha kwanza. Mgeni asiyeondoka hupewa cha mwisho. Mke mdogo wa Seuri akaanza kusema kwa sauti, akiosha vibuyu, kwamba kuna watu walijenga vyumba vingi mjini na leo wanabanana na watoto. Kimaren akahama. Alisogeza masofa yake mawili yakatazamana chini ya turubai, kando ya zizi la mbuzi, akawa analala humo, magoti yamekunjwa. Nailoni aliitoa mwenyewe hatimaye, kwa sababu ilimtoa jasho.

Kuna wakati alijaribu kujenga. Alikata fito, akazichomeka duara, akakanda udongo na samadi kwa mikono yake. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walitua ndoo zao wakasimama. Walicheka kwa mikono midomoni kwanza, kisha bila mikono. Mmoja akamwuliza kama anataka na shanga za kuvaa wakati wa kukandika. Kimaren alitazama mikono yake iliyojaa kinyesi, akaenda kunawa, na fito zile zikaliwa na mbuzi. Naisenya alikuwa mlangoni kwake, ameona yote. Alisikia raha, raha kamili, na aliishika siku nzima mdomoni akiila polepole.

Ndani ya nyumba maisha yalikuwa matamu. Alikuja kuona kwamba Letisia alisema kweli na hakujua hata nusu yake. Kaa moja la moto liliipasha nyumba yote. Akifagia, amefagia. Kila alichohitaji alikifikia akiwa amekaa. Hakukuwa na ukuta wa saruji wa kumeza chochote. Akiamka kabla ya alfajiri alisikia Lilian akipumua, akahesabu hizo pumzi kuwa zake. Binti alianza kunenepa. Vidole viliunga vibaya lakini viliunga. Alirudi kucheka, kwanza na ndama, kisha na watu. Ila hakutoka bomani. Kila pikipiki iliposikika mbali, alirudi ndani na kukaa kitandani, na mama yake alimwambia vizuri, kaa hapo hapo, hapo hakuna wa kukugusa.

Ilikuwa kweli, wakati huo.

Kisha, alasiri moja masika yakikaribia, Seuri alimkuta Naisenya akikamua. Alichuchumaa mbali kidogo, akasalimu, akauliza habari za ndama, akasema alilokuja nalo.

"Shemeji, Kisio ameoa tena. Ametuma watu kwangu. Anasema Lilian hamtaki, hadai hata ng'ombe wa mahari, yamekwisha. Nimewauliza mara mbili mbele ya wazee. Yamekwisha kabisa."

Naisenya hakuacha kukamua.

"Sasa binti yuko huru," Seuri akaendelea. "Anaweza kulala kwa mke wangu mdogo, anaweza kwenda popote. Kaka aingie ndani. Kifua chake kibaya, shemeji, na mvua zinakuja. Mwambie binti, nadhani akisikia kwako ataamini."

"Nimesikia, shemeji. Nitamwambia."

Alimaliza kukamua, akaingia ndani, akampa Lilian maziwa. Lilian akauliza baba mdogo alitaka nini. Mama akasema aliulizia ndama.

Usimtafutie visingizio. Hakusahau, wala hakungoja nafasi nzuri ya kusema. Alikaa na habari ile kama alivyokuwa amekaa na chuki yake Mikumi, akapika nayo na kulala nayo. Kumlinda mwanae kulikuwa kumekwisha kwa maneno machache ya Seuri, na yeye hakuwa tayari kumaliza.

Mvua zikaja zote kwa siku moja, kama zinavyokuja Mkata, tambarare ikawa ziwa na mbuzi wakapanda juu ya kichuguu. Turubai la Kimaren lilichanika upande. Masofa yalinyonya maji mpaka yakavimba. Jioni, kikohozi chake kilisikika boma zima, na ndani ya nyumba ya Naisenya kilisikika kama mtu amekaa kwenye meko.

"Mama, baba anakohoa," Lilian akasema.

"Nasikia."

"Nikalale kwa mama mdogo, yeye aingie. Leo tu."

Naisenya alimtazama binti yake machoni. "Ukitoka humu leo, kesho uko kwa Kisio."

Mkono wa kulia wa Lilian ukaenda kuvishika vile vidole vilivyopinda.

Giza lilikuwa halijaingia sawasawa Kimaren alipokuja mlangoni. Alisimama kwenye mvua, shuka limemgandia, amekuwa mwembamba. Hakuomba kuingia. Aliomba moto. Naisenya aliweka makaa kwenye mfuniko wa sufuria akampitishia, akijua mvua inanyesha, na makaa yakazimika kabla hajageuka. Akabaki ameshika mfuniko.

"Lilian," akaita. "Mwanangu. Sikurudishi. Kisio amekwisha oa, hakutaki tena. Yamekwisha. Nenda kwa mama yako mdogo, mimi nikae karibu na moto kidogo."

Ndani, Lilian akamgeukia mama yake. Alikuwa amesikia kila neno, na angetaka kuamini.

"Hata siku ile alikwambia pumzika," Naisenya akasema.

Lilian akalala, akageukia ukutani, akajifunika mpaka kichwani. Nje, yule mzee alisema tena jina lake, mara moja, kisha wakasikia miguu yake kwenye tope.

Asubuhi walimkuta kati ya sofa mbili akiwa hai bado, anapumua kwa shida, rangi nyekundu ya kitambaa imemwingia kwenye shuka na shingoni. Seuri alimpakata kwenye bodaboda kumpeleka hospitali Kilosa. Njia ilikuwa imekatwa na maji, wakazunguka. Alifia mikononi mwa mdogo wake kabla hawajafika, na Seuri alirudi naye hivyo hivyo, katikati yake na dereva, amefungwa kwa shuka asianguke.

Wakamzika. Naisenya alivua mapambo yake, akanyoa, akafanya kila kinachotakiwa kwa mjane, na hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole.

Mke mdogo wa Seuri ndiye aliyelitoa. Walikuwa yeye na Lilian kisimani, akasema kwa kumfariji, angalau baba yako alikufa akijua Kisio amekuachia. Lilian akauliza nani alisema. Yule mama akamwambia: baba yako mdogo alimwambia mama yako, kabla ya mvua, zizini, mimi nilikuwa nikifunga ndama.

Lilian alirudi bila maji. Alimkuta mama yake anakandika ufa ulioletwa na mvua.

"Ulijua, mama?"

Naisenya hakujifanya hajui anaulizwa nini. "Nilijua."

"Nikiwa humu ndani. Naogopa kwenda hata kisimani."

"Alikuvunjia maisha yako."

"Kisio alinivunja vidole. Baba alinifunga kwa ufunguo." Alisema polepole, kama anajifunza. "Na wewe ukanifunga kwa jina la Kisio. Nilimsikia baba akiniita nikajifunika kichwa. Ulinifanya mimi nifanye hivyo."

"Nilijenga nyumba hii kwa ajili yako."

"Ungejenga na chumba cha pili."

"Ningeweza," Naisenya akasema.

Lilian aliingia ndani, akachukua khanga zake mbili, akatoka. Alikwenda Mikumi kwa Letisia, na yuko huko hadi leo, anahudumia meza za madereva wa malori, ana nguo nzuri na simu, na pikipiki zikipita hashtuki. Watu wangependa kusikia kwamba usiku ule mama yake alilia. Hakulia. Alilala katikati ya kitanda, usingizi mzuri, hakuna wa kumsukuma huku wala huku.

Kulia kulikuja baadaye, kidogo kidogo, na hakukumsaidia. Kiangazi kilichofuata wake za Seuri walimwona akikata fito. Aliongeza nyumba upande wa mashariki, akaweka kitanda, ngozi mpya, kiambaza kilichokandikwa vizuri kuliko kuta zake zote, akamtumia Letisia salamu amwambie binti kuna mahali pake. Lilian hupita Mkata akienda mnadani. Husimama nje, humpa mama yake kichwa amguse kama adabu inavyotaka, hunywa maziwa akiwa amesimama, huuliza habari za afya, na huondoka jua lingali juu. Chumba kile wanalala ndama.